Uzi Mnene wa Kaka Besi

Kaka yangu alipiga gitaa la besi miaka ishirini na mbili, na sijawahi kukutana na mtu aliyemsikia. Walimsikia mwimbaji. Walimsikia yule wa tarumbeta, aliyekuwa akifumba macho kama anaumwa jino. Besi haisikiki mpaka inyamaze, na ikinyamaza watu hugeuka huku na huku wakiuliza kulikoni. Hiyo ndiyo kazi aliyojichagulia, na jina likamganda: Besi. Hata mama yetu mzazi alikufa akimwita hivyo.

Jioni alipiga hotelini. Mchana alikuwa karakana ya samani, anapiga msasa milango na vitanda vya watu. Hoteli ilimpa suti moja, karakana ikampa chakula cha nyumbani pamoja na vumbi la mbao. Vumbi hilo alilivuta bila kitambaa puani kwa sababu, eti, kitambaa kinamzuia kusikia mashine. Nikamwambia masikio hayako puani. Akacheka. Kikohozi kilianza hivyo hivyo, kama mzaha, halafu kikahamia na mizigo yake yote.

Mimi nauza sufuria. Nimeziuza tangu nilipomaliza shule ya msingi, na ndizo zilizonisomesha yaliyobaki. Sheria zangu ni mbili: inyanyue, kisha igonge. Nzito ndiyo nzuri. Nyepesi itakuunguzia chakula na kubonyea ikidondoka. Ukiigonga ikaita, ni nzima. Ikikohoa, ina ufa. Kwa sheria hizo nimechagua sufuria, mlango wa nyumba yangu, hata mume. Mume peke yake ndiye aliyenishinda. Alikuwa mzito kweli, ila wa kuamka asubuhi.

Nayasema haya mapema ili yatakayofuata yaeleweke. Sikufanya ujinga. Nilifanya nilichokuwa nakijua.

Daktari alituita kwenye korido, mimi na mke wa kaka, akatuambia mapafu ya mgonjwa yamekauka kama sifongo lililoachwa juani, na tusipange naye mambo ya mwakani. Alisema hivyo huku akitafuta kalamu mifukoni. Wifi yangu akamwambia, "Kalamu iko sikioni, daktari." Tukarudi nyumbani, tumembeba kaka katikati yetu kama mzigo wa vyombo vya udongo.

Kuanzia hapo alilala akiutazama ukuta. Gitaa lake la besi lilining'inia juu ya kitanda kwenye msumari. Asubuhi moja akataka ateremshiwe. Wifi akamlaza nalo kifuani. Lile gitaa ni gogo zima lenye nyuzi. Haikupita dakika, midomo ikambadilika rangi na macho yakamtoka. Wifi akaliondoa, akalitundika tena, na safari hii akaligeuza uso ukutani kama picha ya mtu aliyewakosea.

Kaka akaacha kuongea. Anakunywa uji, anageuka, basi. Ila vidole. Chini ya blanketi, vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea.

"Anapiga," wifi akaniambia.

"Anapiga nini?"

"Mwendo wa kufunga."

Mwendo huo ulikuwa wa kwake mwenyewe. Hotelini, wateja wakishaondoka na wengine wakikunja nyaya zao, kaka aliendelea peke yake, besi tupu, inashuka taratibu, inashuka, inatulia, mpaka taa zizimwe. Hakuwahi kuuandika wala kuurekodi. Nikainama kitandani.

"Kaka, unataka nini? Useme, maana mimi sijui kusoma blanketi."

Akageuka kutoka ukutani.

"Nataka niusikie mwendo wangu mara moja. Humu kichwani umeanza kufutika."

"Gitaa si liko hapo?"

"Litaniua kabla yake." Akapumua, akangoja pumzi nyingine ije. "Kuna kale kagitaa ka nyuzi nne. Ukulele. Kadogo, kanakaa kifuani. Lakini kawe teno, kale ka shingo ndefu, usiniletee kale ka kitoto. Na ule uzi wa juu uwe G ya chini."

"G ya chini ndiyo nini?"

"Ukulele wa kawaida, nyuzi tatu zinashuka vizuri, wa nne unaruka tena juu. Ni kama kushuka ngazi, ukifika ya mwisho unajikuta darini. Mtu wa besi haishi kwenye nyumba hiyo. Uwe uzi mnene, ushuke." Akafumba macho. "Na kasiwe ka bei mbaya. Nani atakatumia baadaye?"

Hayo maneno ya mwisho nilijifanya sikuyasikia.

Kesho yake nikafunga meza yangu mchana, nikaenda duka la vyombo vya muziki. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai nyembamba kama utambi. Ukulele zilikuwa zimepangwa ukutani, za bluu, za waridi, nyingine zimechorwa maua. Nikasema nataka teno, G ya chini, bei ya kiungwana.

"Teno hizi tatu, mama. Hiyo G utaishusha tu mwenyewe. Unalegeza uzi, basi."

Nikazinyanyua moja moja. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu. Nikairudisha, nikamtazama kijana kama anayeniuzia hewa. Ya pili nayo vile vile. Ya tatu, ee, hiyo ilikuwa na mwili! Imepakwa vanishi hadi unajiona uso. Nikaigonga mgongoni. Ikajibu ko, kavu, imara.

"Hii," nikasema.

"Mama, una jicho."

"Jicho silo. Ni mkono."

Ilikuwa na bei ya seti ya sufuria nane zenye vifuniko. Nikaona sawa, kitu kizito kinasema ukweli.

Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Wifi alimwekea mto mgongoni. Akaiweka kifuani na nikaona kifua kikihangaika kuinuka chini yake, kama mtu anayenyanyua mlango wa karakana. Akagusa uzi wa juu. Ukalia kwa sauti nyembamba, ya juu, kama mbu. Akaulegeza, ukashuka, ukashuka tena, hadi ukawa unapepea kama kamba ya nguo isiyo na nguo. Sauti ikafa. Akajaribu nyuzi nyingine. Zilisikika kama mtu anayeongea akiwa kabatini.

Kisha akanitazama.

"Asante sana, mdogo wangu," akasema.

Nilijua hapo hapo. Kaka yangu hajawahi kuniambia asante sana maishani mwake. Siku niliyomletea sufuria ya kwanza ya harusi aliniuliza kama nimeiokota. Mtu huyo akikushukuru kwa adabu, ujue umemkata.

Lakini mimi nina kichwa kigumu. Nikajiambia atazoea. Nikajiambia mgonjwa hachaguichagui. Nikaenda sokoni na kurudi, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila nikipita naiona ukulele imeegemea kitanda, inang'aa, haijaguswa, na yeye ameugeukia ukuta. Chini ya blanketi vile vidole vilikuwa vimepunguza kutembea.

Wifi ndiye aliyenipasulia. Tulikuwa tunakamua mashuka uani, yeye upande huu, mimi ule.

"Wifi, nikwambie kitu usinirushie ndoo?"

"Sema, ndoo ni yako."

"Umemnunulia kaka yako sufuria yenye nyuzi."

Nilikamua lile shuka mpaka likalia.

Nikairudisha dukani. Yule wa tai akaninyooshea kidole kwenye karatasi ukutani: kilichouzwa hakirudi.

"Uliniambia nalegeza tu uzi!"

"Na si ulilegea, mama?"

Nikamwambia yake, nikamwambia ya tai yake, na wateja wawili wakatoka. Mmoja wao alinisubiri nje akanielekeza kwa fundi wa magitaa, kwenye ujia ulio kati ya duka la rangi na mahali wanapotoa nakala za karatasi.

Fundi alikuwa na sikio moja linalosikia. Nilipoingia alinigeuzia hilo, akaendelea kusugua kitu bila kuniangalia. Nikamweleza yote, mapafu, mwendo, ngazi na dari. Akaichukua ukulele yangu, akaipima mkononi, akanirudishia.

"Nani kakuchagulia hii?"

"Mimi."

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Nauza sufuria."

"Nimeona." Hata hakucheka. "Hii ni plaiwudi nene kama meza. Nikiweka uzi mnene utalia, lakini ubao hautatikisika, na usipotikisika hakuna sauti. Sufuria nzito inashika moto. Gitaa zito linashika sauti, halafu haliitoi. Umeielewa?"

Niliielewa hadi miguuni. Nikauliza, "Basi nifungie waya wa gitaa kubwa, ule wa chuma, si utavuma?"

"Utavuma siku mbili. Ya tatu utang'oa hapa." Akagonga kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi. "Hiki kimegandishwa kwa gundi. Chuma kitaondoka nacho."

Akainuka, akashusha ukulele tatu zilizotumika, akaziweka mbele yangu kwenye benchi.

"Chagua."

"Nichague mimi tena?"

"Kaka ni wako."

Ya kwanza ilikuwa ndogo. Akaniwekea uzi mnene juu yake kwa mkono, ukalala kama tambi. Shingo fupi, akasema, haina urefu wa kuuvuta uzi huo ukakaza. Ndiyo maana kaka yako alisema teno. Ya pili ilikuwa teno, nzuri ya macho. Akanifundisha kuitazama shingo kwa jicho moja, kama mtu anayechagua ubao ulionyooka. Ilikuwa imepinda. Ya tatu ilikuwa na kovu refu ubavuni na jina la mtu limekwaruzwa mgongoni. Nikainyanyua na mkono wangu ukasema hapana, nyepesi mno, rudisha. Nikaulazimisha mkono unyamaze.

"Usiigonge," fundi akasema. "Weka mdomo kwenye tundu, uimbe kitu. Chini kabisa."

"Niimbe nini?"

"Mimi nasikia upande mmoja tu, imba chochote."

Nikaona haya kama mwari, mtu mzima na kilemba changu. Nikaguna ndani ya tundu ule mwendo wa kaka, kiasi ninachokikumbuka. Na mgongo wa kile chombo ukatetemeka kwenye vidole vyangu kama ubavu wa paka.

"Hii," nikasema.

Aliichukua ile nzito yangu pamoja na sufuria mbili kubwa nitakazoleta, tukamaliza. Uzi mnene haukuingia kwenye mfereji ulio juu ya shingo, kwa sababu mfereji ulichongwa kwa uzi mwembamba. Akaupanua kwa tupa ndogo kama ya kucha, anachonga, anapuliza, anajaribu, anachonga. Akapitisha sarafu chini ya nyuzi kuona kama hazikukaa juu sana, akasema mgonjwa asitumie nguvu. Kisha akanionyesha namna ya kukaza.

"Bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha tano kati ya hivi vilivyokatiza shingo, ulie sawa na huu uzi unaoufuata ukiwa haujabonyezwa. Zikilingana umepata. Zitapotea. Uzi mpya unavutika. Ukaze asubuhi, ukaze jioni, siku nne, tano, ndipo utatulia."

"Tano?"

"Ana haraka gani?"

Akageuza lile sikio zima, akasikia nilivyonyamaza, akaacha kuuliza.

Nilipofika nyumbani wifi alikuwa amemkalisha. Nikaiweka kifuani kwake, na kifua kikainuka nayo, kikashuka nayo, bila ugomvi. Akagusa uzi wa juu kwa dole gumba.

Ulishuka. Si besi ya hotelini, hata mimi najua. Lakini ulikuwa wa chini, wa duara, na chumba kikaupokea.

"Huyo," kaka akasema. "Besi ya mtoto. Lakini inashuka." Halafu akasema, "Nani kakuchagulia?"

"Mimi."

"Uongo."

Nikafurahi kutukanwa, jamani. Nikafurahi mpaka alipouleta mkono wa kushoto shingoni.

Haukuweza. Vidole vilikuwa vimevimba na kucha zimekuwa za buluu. Alibonyeza, uzi ukatoa mkwaruzo. Akabonyeza tena kwa uso mzima. Mkwaruzo. Wiki tatu nyuma vidole hivyo vilikuwa vinatembea blanketini vyenyewe. Wiki tatu zile ambazo kitu changu kizito kilikuwa kimeegemea kitanda, na mimi nangoja mgonjwa azoee. Wifi alinitazama mara moja, akatazama pembeni. Sijawahi kumlipa kwa kunyamaza kule, na hajawahi kunidai.

"Wewe bonyeza," kaka akaniambia.

"Mimi?"

"Una vidole au una miiko? Kaa hapa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mkono wangu wa kushoto shingoni mwa ukulele, mkono wake wa kulia kwenye nyuzi. Vidole vyangu vimekomaa kwa kusugua masizi, nyuzi hazikuniuma. Akanielekeza kwa pumzi alizokuwa nazo.

"Chuma cha tano. Achia. Cha tatu. Kabla ya chuma, si juu yake. Bonyeza! Unamkanda nani?"

"Nakukanda wewe, ungekuwa karibu."

"Niko karibu. Cha pili. Achia, uwe wazi. Hapo. Hapo ndipo nyumbani."

Siku ya kwanza tulifika robo ya mwendo, uzi ukawa umeshalegea na kila kitu kimepinda. Nikakaza. Siku ya pili, nusu. Nikakaza asubuhi, nikakaza jioni, nikisikiliza zile sauti mbili mpaka zilingane, na kila mara uzi ulikuwa umeteleza kidogo, na kaka naye ameteleza kidogo. Siku ya tatu hakuweza kukaa. Siku ya nne hakuongea. Akawa ananigusa goti kwa kidole: mara tano, chuma cha tano, mara tatu, cha tatu.

Asubuhi ya siku ya tano nilijaribu uzi. Haukuhitaji kitu. Ulikuwa umelala pale pale nilipouacha.

"Umetulia," nikamwambia. Akaleta mkono.

Tulianza. Dole gumba lake lilikuwa halina haraka yoyote, na mimi nilikuwa nimeshajua njia. Uliposhuka mara ya kwanza nikasikia nyuma yangu kitu kimegusa meza. Nikageuka kidogo. Wifi alikuwa amekichukua kiti cha chumbani na kukigeuza juu ya meza, miguu juu. Ukashuka mara ya pili, akachukua kigoda, akakipindua juu yake. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye alikuwa mhudumu wa ile hoteli. Miaka yote ile ndiye aliyekuwa akifunga ukumbi, kiti kimoja kila besi inaposhuka. Hakukuwa na kingine cha kugeuza chumbani mle, ikabidi achukue ndoo.

Mtu mmoja alikuwa amemsikia. Alimsikia hadi akaolewa naye.

Tulifika mwisho, kwenye uzi ulio wazi. Kaka akauacha uvume. Hakuuzima kwa kiganja kama kawaida yake, akauacha wenyewe uishe, nasi tukausikiliza watatu mpaka hatukujua kama bado upo.

"Basi," akasema.

Alikufa siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, mimi nikiwa sokoni nampimia mtu kifuniko.

Ukulele ninayo mimi. Wifi alisema hawezi kukaa nayo. Naiweka chini ya meza yangu, imefungwa kwa kanga, na biashara ikilala naitoa. Mkono wangu wa kushoto unaujua mwendo wote. Cha tano, achia, cha tatu, cha pili, wazi. Haukosei. Lakini mkono wa kulia hakunifundisha, tulikuwa na haraka. Nimejaribu. Sauti ni zile zile, ila ule utulivu wa dole gumba, kule kungoja kabla ya kushuka, sina. Ninapata maneno tu bila msemaji. Basi siku nyingi nabonyeza kimya kimya bila kugusa nyuzi, na wauza nyanya jirani zangu wanadhani nafuta vumbi.

Na wateja wananishangaa. Mtu akinyanyua sufuria, akaipima mkononi na kusema hii ndiyo, ina uzito, zamani ningesema una jicho. Sasa namwuliza, "Unaenda kupika nini?" Wengine wanaona ninawasumbua, wanaenda meza ya pili.

Asubuhi, kabla sijapanga vyombo, naujaribu uzi mnene na ule unaoufuata. Miezi saba sasa. Naweka vidole kwenye kifunguo cha kukazia, nasikiliza, naviondoa. Haujateleza hata kidogo.